Unataka kusoma dizeli? Anza na filta kwanza

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka simu yangu haipumui, mara mtoto wa shangazi, mara jirani, wote suali lao moja, kaka na mie nataka kusoma ufundi dizeli, naanzia wapi. Ukiwauliza wanachokitaka khasa ni nini wengi watakwambia kushusha injini, yaani pistoni pembeni, ovaroli nyeusi mpaka kolani, picha iende stetasi. Jamani, injini ya dizeli mpaka kufika kufunguliwa ujue mara nyingi kuna mtu kalala, kazi yenyewe iko kabla ya hapo.

Dizeli haina plagi za moto kama petroli. Inavuta hewa tupu, inaibana mara 16 mpaka 20 hivi, hewa inachemka inapita nyuzi 500, ndo nozeli inapuliza mafuta yanajiwakia yenyewe. Sasa mambo ni matatu tu, hewa, mbano na mafuta, na huku kwetu visiwani nyingi ninazoletewa mie zimeharibikia kwenye mafuta. Tangi la boti likilala nusu, unyevunyevu unatoa jasho ndani ya bati, na maji ni mazito kuliko dizeli kwa hiyo yanashuka chini kule kule paipu inakovutia. Pampu na nozeli hazina oili yake nyengine, zinalainishwa na dizeli hiyo hiyo, maji yakifika pale yanakula chuma kilichochongwa kwa vipimo ambavyo jicho halioni. Halafu unamkuta mtu anaosha filta ya mafuta kwa petroli anairudisha, ati kubana matumizi! Filta haioshwi ile, inabadilishwa, na kikombe cha maji chini yake kinafunguliwa kila mara, si mpaka chombo kizime katikati ya mkondo wa Pemba.

Fundi aliyenilea alikuwa hanipi spana mpaka nimjibu.
"Mwanangu, weka chini hiyo. Moshi wake rangi gani?"
"Mweusi, fundi."
"Basi hewa hiyo. Katazame filta ya hewa kwanza, nozeli baadae."
Mweusi ni mafuta yamezidi hewa, wa bluu inakula oili, mweupe ni mafuta yanatoka hayajaungua au maji yameingia kwenye silinda. Hapo hujafungua hata nati moja na nusu ya kazi ushaimaliza.

Kitu cha kwanza kukijua mkononi ni kutoa hewa. Jenereta imeishiwa mafuta, wamejaza, wanapiga stata mpaka betri inakufa, haiwaki. Unalegeza boliti ndogo juu ya filta, unapampu kwa kidole gumba ile pampu ya mkono taratibu, inatoka povu nyeupe, inatema, inatema tena, baadae mafuta yanakuja mazima hayana hata tone la hewa, unakaza huku bado unapampu. Kisha unalegeza nati za paipu za nozeli, mwenzio anapiga stata, mafuta yakichuruzika unakaza moja moja, injini inaanza kupiga chafya silinda moja, ya pili, mpaka inakaa sawa. Raha ya pale mie sijaipata kwenye kazi nyengine yoyote.

Lakini hiyo ni kwa injini za zamani, sikilizeni vizuri. Hizi mpya za komonreli, yaani nozeli zote zinakula kwenye paipu moja yenye presha kubwa, presha inapita bar 1,500, usilegeze paipu injini ikizunguka wala usitafute liki kwa mkono, yale mafuta yanapenya ngozi kama sindano, kitundu hukioni, na baadae mkono unaoza. Tumia kipande cha boksi. Na yakikupenya nenda hospitali saa ile ile hata kama hayakuumi.

Chuo au gereji? Vyote. Ukiwa Pemba kuna kituo cha amali Vitongoji, Unguja kuna Mwanakwerekwe na Mkokotoni, anayetaka diploma aulizie chuo cha Karume pale Mbweni. Chuo kitakufundisha fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi ndogo, na kukaza hedi kwa vipimo, si kwa nguvu za bega. Gereji itakupa sikio.

Kazi zipo. Wakubwa wanaukumbuka 2008 Unguja kiza karibu mwezi mzima, halafu tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na sie Pemba kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga 2010 umeme wetu ulikuwa majenereta ya Wesha. Tokea hapo hoteli kule Nungwi na Paje haijioni hoteli bila jenereta yake nyuma ya jiko. Weka na maboti, weka na vijiko na magreda ya barabarani. Fundi wa kuchokonoa wapo wengi mno, anayejua kwa nini imezima ndo wanamtafuta usiku.

Jambo linalowakwamisha vijana wengi ni vitabu, manyuali zote Kiingereza, na injini mpya inataka uipime kwa kompyuta na usome michoro ya waya. Kwa hiyo ukiwa bado skuli fizikia na Kiingereza usivikimbie. Mie mwenyewe saa hizi nahangaika na umeme wa injini, kila usiku mita na mchoro mezani, mke wangu keshachoka kupisha sahani.