Nilivyojifunza kutega fuko Kinangop

Ukilima viazi huku Kinangop, Kenya, fuko utamjua kabla hujamwona. Shina lililokuwa limesimama vizuri jana leo limenyauka, ukilivuta linakuja lenyewe, kwa sababu huko chini hakuna mzizi wala kiazi. Kwenye karoti ni balaa zaidi. Majani yanabaki juu, karoti yenyewe imeshaliwa chini kwa chini.

Majirani walinishauri nitie sumu. Nina kuku na mbwa, nikakataa. Utupa, mmea unaoaminika kufukuza fuko, niliupanda kando ya shamba, ila utupa huchukua muda kukua, na fuko hangoji. Mwishowe nikamwita mzee mmoja wa kijijini anayetega kwa malipo. Yeye hahesabu siku, unamlipa kwa kila fuko anayekuonyesha. Asiponasa kitu hadai kitu.

Alikuja asubuhi na mapema na panga, fito mbichi na waya mwembamba. Marundo makavu ya udongo aliyapita tu. "Mama, haya ni ya juzi. Tafuta yenye unyevu." Alipolipata moja, akawa anachomachoma ardhi kwa kijiti mpaka kikazama ghafla. Njia ya fuko ilikuwa hapo.

Ujanja wote umejengwa juu ya tabia moja: fuko havumilii njia yake ikae wazi. Mwanga na upepo vikiingia, lazima aje kuziba. Basi mzee akaifungua kusudi, akaweka kitanzi cha waya mdomoni mwa njia, akakifunga kwenye ufito aliouchomeka ardhini na kuukunja kama upinde. Kilichouzuia usifyatuke ni uzi wa katani uliokatiza njiani. Fuko akija, anaukata kwa yale meno yake marefu ya rangi ya chungwa, ufito unaruka, amebanwa. Na kabla ya kugusa chochote, mzee alijisugua mikono kwa udongo ili kuondoa harufu.

Nilipomwomba anifundishe alicheka: "Unataka kuniachisha kazi?" Akanifundisha hata hivyo. Kazi ngumu ni kuchagua ufito, maana mnene haukunjiki na mkavu unavunjika.

Siku hizi kwenye viazi natega mwenyewe. Fuko wa huku huishi peke yake, kwa hiyo akinaswa sehemu ile hutulia, ila mwingine anaweza kuhamia, ndiyo maana njia naivunja na kuishindilia. Upande wa karoti bado ni wa mzee, na bei ameipandisha tangu aone gari la mnunuzi likipakia.