Nilivyolishika neno bahār

Najifunza Kifarsi mwaka wa pili sasa, kwa simu tu, mwalimu wangu ni mama mmoja wa Shiraz. Maneno mengi yameniingia haraka maana tunayo hukuhuku kwetu, bandari wao wanasema bandar, rangi ni rang, pamba ni panbe. Lakini bahār ilinitesa wiki tatu nzima.

Bahār ni ule msimu wao baridi ikishaondoka, miti inachipua, na ndo mwaka wao unaanza hapo, Nowruz, sisi tunaiita Nairuzi, tarehe 20 au 21 Machi. Sasa mie kila nikiliona hilo neno kichwa kinaenda pwani. Nimepewa sentensi bahār āmad nikafasiri bahari imekuja, mwalimu akanyamaza kidogo halafu akanambia bahari ni daryā, mwanangu, soma tena.

Kwenye kuandika sikuhangaika sana, bahari yetu ni ya Kiarabu, ina ile h ya kooni tuliyofundishwa chuoni, na bahār ina h nyingine ambayo Waajemi wanaiita he ya macho mawili. Tabu ni kwenye kusema, kwao h zote mbili zinatamkwa sawa, na ulimi wangu haukubali neno liishie na r, lazima utie i, na ukisema bahāri kwa Kifarsi napo ni neno kamili, maana yake kitu cha msimu huo, kwa hiyo unakosea na mwenzio anaelewa kitu kingine kabisa.

Kilichonisaidia ni maua. Siku moja akanihadithia kwamba Shiraz msimu huo mji wote unanukia bahār nārenj, maua meupe ya mnārenj, watu wanayakausha wanatia kwenye chai. Nikamuuliza nārenj si ndo chungwa, akasema hapana, hili kali lina uchungu, akaliweka mbele ya kamera. Danzi! Danzi lilelile, na nyuma ya nyumba ya bibi upo mdanzi toka mie mdogo, mvua za masika zikianza unajaa maua.

Nikawa kila jioni naenda pale, nachuma ua moja, nalifikicha, nanusa, nasema bahār, nakata kwenye r nafunga mdomo. Bibi akija anauliza leo umeshasema? Hata sikumbuki ile i iliniacha siku gani.

Nairuzi yao ilipofika nikamtumia mwalimu voisi, bahār āmad. Akanijibu maua ya kwao bado, mpaka mwezi wa nne. Nikampigia picha ya kwetu.