Maji ya kufulia yasilale

Nguo zikifuliwa kwa mabeseni matatu ya lita 20, yanabaki maji lita 60 yanayoweza kunywesha mti vizuri kabisa. Wengi wakishaamua kuyatumia tena huanza kwa kununua tangi la kuyahifadhia, na hapo ndipo mpango wote huharibika.

Maji yaliyotoka bafuni au kwenye beseni la kufulia yamebeba jasho, ngozi iliyobanduka, nyuzi za nguo, sabuni na vimelea. Kwa bakteria hicho ni chakula kitupu. Yakikaa siku moja tu, wanazaliana na kuimaliza oksijeni iliyomo, kisha wale wanaoishi bila oksijeni wanashika zamu na kutoa harufu ya yai viza. Baada ya hapo huna tena maji ya bustani. Una maji ya chemba ndani ya tangi. Kuyachuja kabla ya kuyahifadhi hakuzuii hilo, kwa sababu sabuni na uchafu ulioyeyuka hupita kwenye kitambaa, na kitambaa chenyewe huziba kwa nyuzi na nywele hadi mtu achoke kukiosha. Yaliyotumika leo yaingie ardhini leo. Udongo wenye uhai ndio chujio bora kuliko chochote utakachonunua.

Sehemu ya kuyapokea ni mfereji wa duara kuzunguka mti. Acha sentimita 40 kutoka kwenye shina, ili shina lisiloe na kuoza, kisha chimba mfereji wenye upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 30. Udongo uliochimba ujengee tuta upande wa nje. Jaza mfereji vipande vya mbao au matawi yaliyokatwakatwa, si majani laini, maana hayo hulala na kugandamana. Mfereji wa vipimo hivyo una eneo la takriban mita 2 za mraba na ujazo wa lita 600 hivi. Hata ukihesabu theluthi tu kuwa nafasi tupu kati ya vipande, unabeba lita 200 kwa mara moja.

Kabla ya kuchimba, pima udongo. Toboa shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, halafu angalia maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka sentimita 1 tu, huo ni udongo mzito, lakini usikate tamaa: sentimita 1 kwenye mita 2 za mraba ni lita 20 kwa saa, kwa hiyo lita 60 zitazama kwa saa tatu. Yasiposhuka kabisa, au ukikuta maji ya ardhini karibu, acha. Usichimbe pia ukutani mwa nyumba, na kisima kiwe mbali, angalau mita 30.

Bomba la inchi 2 kutoka bafuni linatosha, mradi lishuke sentimita 2 kwa kila mita. Umbali wa mita 10 unahitaji mteremko wa sentimita 20, na mteremko huo uwe sawa njia nzima. Mahali popote bomba linapobonyea ndipo nywele na nyuzi zitakapotulia, na mwaka haupiti kabla halijaziba. Weka valvu ya njia tatu baada ya ule mkunjo unaoshika maji kuzuia harufu, ili uweze kuyarudisha maji kwenye mfumo wa maji taka wakati wowote: mvua ikiwa kubwa, mtu akiharisha nyumbani, ukifua nepi, au ukitumia klorini kung'arisha nguo. Kama nyumba iko chini kuliko bustani, tumia ndoo tu. Pampu ya kusukuma maji yenye nyuzi itakusumbua.

Mdomo wa bomba usiuzike. Mizizi hufuata maji na kuingia ndani. Chukua ndoo kuukuu, ikate kitako, isimamishe ndani ya mfereji, kisha bomba limwagie humo likiwa sentimita 5 hadi 10 juu ya vipande vya mbao. Funika. Maji hayaonekani, watoto hawayachezei, mbu hawapati pa kutagia.

Sasa sabuni, kwa kuwa lawama nyingi zinazopelekwa kwa udongo zinastahili kwenda huko. Sabuni nyingi za unga zina chumvi za sodiamu. Sodiamu hutawanya chembe za udongo wa mfinyanzi, vinyweleo vinaziba, juu panafanya gaga gumu na maji yanasimama. Zile zenye boraksi, chumvi yenye boroni ndani yake, ni mbaya zaidi kwa mti: boroni ikizidi kidogo tu, kingo za majani zinaungua. Sabuni ya maji isiyo na boraksi kwa kawaida huwa na chumvi chache. Udongo ukishaanza kugoma, changanya jasi, kwa kuwa kalisi yake huondoa sodiamu, halafu ushushie maji safi mengi au ungoje mvua iisombe. Mimea inayopenda asidi, kama chai, usiipe maji haya kabisa.

Maji ya sinki la jikoni yaache yaende kwenye maji taka. Mafuta yake hufunika udongo. Mboga za majani na za mizizi zisiguswe na maji haya hata kidogo. Mti wenye matunda yaliyo juu hauna shida.

Vipande vya mbao huoza. Vikishasinyaa na kuwa kama mboji, na maji yakaanza kukawia juu, vitoe, tandaza chini ya miti mingine, kisha jaza vipya. Vaa glavu.