Kumtafutia mzee nyumba ya kulelewa: msiishie kwenye nyota

Huku kwetu Tanga mzee anauguzwa nyumbani, kina shangazi wanapokezana, sasa dada'angu aliyeko Marekani wanamtafutia mama mkwe wake nyumba ya wazee ikabidi tukae kwenye simu tupekue tovuti ya Medicare, yaani bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, ile sehemu ya kulinganisha huduma iitwayo Care Compare, ni bure, kila nyumba ina nyota 1 mpaka 5. Zipo za ukaguzi, za wafanyakazi na za hali ya wagonjwa. Mi nasema anza na ukaguzi, maana wakaguzi huwa wanakuja bila taarifa, ila hizo za hali ya wagonjwa data nyingi nyumba inapeleka yenyewe. Ukiona alama ya mkono ndani ya duara jekundu ujue palishakutwa na kosa la unyanyasaji, pita mbali kabisa. Angalia pia wikiendi manesi wanabaki wangapi.

Halafu nendeni wenyewe jamani, tena muda wa chakula, muone bibi asiyeweza kushika kijiko analishwa na nani na kengele ikilia mtu anakuja saa ngapi, na muulize waziwazi wasioweza kujigeuza kitandani wanageuzwa kila baada ya muda gani, kidonda cha mgongo kikishamuanza mzee kupona ni kazi kweli.