Kumbe dirisha nilikuwa nalo

Mwezi wa tatu nilikuwa silali kabisa. Nyinyi watu wa Mombasa mnajua kaskazi ikikaribia kuisha joto linavyotukalia, pangaboi linazunguka usiku kucha lakini linakuchapa upepo wa moto tu, nikiamka asubuhi kichwa kizito, mtoto akiangusha kijiko namfokea kama ameangusha nyumba. Nikaita fundi wa stima aangalie pangaboi. Kijana akapanda kiti, akalizungusha, akashuka, akaniambia, "Dada, hili halina neno. Lakini dirisha umelizibia nini?"

Jamani. Kabati nilikuwa nimelisukuma likala nusu ya dirisha, na juu yake maboksi mpaka karibu na dari. Miaka 6 niko hapa Kisauni na ule upande nishauhesabu ni ukuta.

Basi Jumamosi nikashusha yote. La kwanza viatu vya harusi ya binamu yangu, nilivivaa siku moja nikaviweka visiharibike, sasa nimevishika tu soli imebaki mkononi inamomonyoka kama mkate wa juzi. Fundi viatu ananiambia soli za aina ile unyevu na joto la huku zinaoza zenyewe hata ukizifungia, afadhali ungevivaa mama. Mkoba wa ngozi umeota koga. Mikebe haina vifuniko, vifuniko havina mikebe. Na mifuko! Tangu zile za plastiki zipigwe marufuku Agosti 2017 nadhani sijatupa mfuko hata mmoja wa sokoni, nilihesabu nikafika 60 nikachoka.

Kuna zile video ati kitu hujakigusa mwaka mzima kitoe. Hapo hatukuelewana. Mitungi yangu ya lita 20 iko 7 na haiendi popote, maji yakikatika wiki mbili wenye video hawatakuja kunitekea.

Lakini kilichonitoa jasho hasa ni vitu vya wageni. Seti ya sahani za maua bado ziko ndani ya magazeti yake, glasi, mashuka meupe, vyote mama alinipa nilipoolewa akasema hizi ni za wageni, na mimi nikaziweka kweli, wageni wenyewe wakija tunatandika mkeka tunapakua wali kwa sinia moja tunakula kwa mkono na hakuna aliyewahi kuuliza sahani ya maua iko wapi. Yaani nimejinyima upepo miaka 6 kwa ajili ya watu wasiojua kama nimewawekea kitu. Nilikaa chini nikacheka peke yangu, halafu nikakasirika kidogo.

Nguo nilizifua kwanza zikakauka vizuri ndio nikagawa, maanake kumpa mtu nguo ina koga ukaiita sadaka mimi naona ni kumtusi. Vyuma akabeba wa mkokoteni, kapima, kanipa 280.

Nikiwa na moto bado nikaingia kwa simu. Magrupu 43, mengine kamati za harusi za watu washazaa watoto wawili. Nikatoka 19. Usiku huohuo shangazi akanipigia, "kwani tumekukosea nini?" Hiyo nikarudi, siwezi vita na shangazi.

Kabati sasa liko ukuta wa pili. Kusi imeanza, dirisha wazi, nalala nimejifunika leso.

Mama alikuja juzi, akazunguka chumba kimyakimya, akaliona boksi la sahani mlangoni linangoja mtu.

"Na wageni wakija?"

"Mama, si watakula kwa sinia."

Hakunijibu. Alipoondoka alisimamisha tuktuk, akalipakata lile boksi mapajani kama mtoto mchanga. Sahani sasa ziko Majengo, chini ya kitanda chake.