Nguzo za Polima Zinapopata Joto

Leo nimekaa nikiwaza juu ya jambo ambalo picha za darubini huonyesha waziwazi kuliko maelezo: nguzo ya polima (dutu kama plastiki, yenye molekuli ndefu mithili ya minyororo) yenye upana wa mikromita chache, yaani maelfu machache ya milimita, haihitaji kuyeyuka ndipo ipoteze umbo. Polistirini ya kawaida, ambayo minyororo yake haina mpangilio wa fuwele, haina hata kiwango cha kuyeyuka. Ilicho nacho ni halijoto ya mpito wa kioo, karibu nyuzi 100 za Selsiasi, ambapo minyororo iliyokuwa imegandamana huanza kupata nafasi ya kujongea, na kila nyuzi zinapoongezeka juu ya hapo mnato, yaani ukinzani wake dhidi ya kutiririka, hushuka kwa kasi.

Joto lenyewe halichongi chochote. Huondoa kizuizi tu, na kazi hufanywa na mvutano wa uso, nguvu inayoufanya uso wa kimiminika ujikunje uwe mdogo iwezekanavyo. Kingo kali ndizo hulegea kwanza, kisha ubapa wa juu huinuka kuwa mbinuko, hata nguzo fupi ikatulia juu ya bamba kama tone la umande juu ya jani. Wahandisi wameugeuza udhaifu huo kuwa ufundi: huunda silinda ndogo za resini, huzipasha moto, nazo hugeuka lenzi zenye uso laini ambao, kwa maoni yangu, hakuna chombo cha kuchongea kingeufikia kwa urahisi huo.

Kinachonishughulisha zaidi ni ukubwa. Muda wa kulainika hufuata mnato ukizidishwa kwa ukubwa wa umbo, kisha ukagawanywa kwa mvutano wa uso. Hivyo, kwa polima ileile na joto lilelile, umbo la nanomita 100 husawazika takribani mara 10 upesi kuliko la mikromita 1 (nanomita 1,000). Zaidi ya hayo, mwaka 1994 watafiti Keddie, Jones na Cory walionyesha kwamba katika tabaka jembamba la polistirini, la makumi machache ya nanomita, halijoto ya mpito yenyewe hupungua.

Hata hivyo, ukubwa na halijoto pekee havitoshi kutabiri umbo litaporomoka lini, kwa maana umbo lililochapwa kwa kalibu na kupozwa haraka hubaki na minyororo iliyonyooshwa kwa nguvu. Likipashwa moto tena, minyororo hiyo hujirudi, na umbo huporomoka mapema kuliko pacha wake ambaye hakuwahi kubanwa, ingawa kwa darubini wawili hao walikuwa hawatofautiani.