Tulivyorudisha usingizi mtaani kwetu Chamazi

Septemba 2022, Panya Road, yale magenge ya vijana waporaji, walipokuwa wakiitikisa Dar es Salaam, huku kwetu Chamazi watu walikuwa wanafunga milango kabla ya isha. Wengine walilala na panga chini ya kitanda. Mkuu wa mkoa wa wakati huo, Amos Makalla, alihimiza mitaa ifufue ulinzi shirikishi, yaani wakazi kujilinda wenyewe kwa zamu, na mwenyekiti wetu wa mtaa akaitisha mkutano. Watu walikuja, lakini wamenuna. Ulinzi shirikishi tulishawahi kuwa nao, ukafa, na kila mtu alijua kilichouua ni fedha. Michango ilikusanywa nyumba kwa nyumba bila risiti, walinzi wakawa hawalipwi, mwisho wakaacha lindo. Tangu hapo, ukimwomba mtu hata mia tano anakuuliza ile ya mwanzo ilikwenda wapi.

Mimi ni fundi cherehani. Fremu yangu iko njia panda, na karibu kila mtu wa mtaa huu anapita mbele yake akienda kituo cha daladala. Nadhani ndiyo maana walinipendekeza niwe mweka hazina. Nilikubali kwa sharti kwamba hesabu zibandikwe hadharani kila mwisho wa mwezi, na mwenyekiti akakubali mbele ya watu.

Tukapanga shilingi 2,000 kwa kaya, na 1,000 kwa mpangaji wa chumba kimoja. Ukilipa, naandika jina lako ukiwa umesimama hapo hapo, unatia saini. Mwezi ukiisha nabandika karatasi ukutani: zilizoingia, posho ya walinzi, betri za tochi, vocha ya simu ya zamu, kilichobaki. Wapo waliotaka tubandike majina ya wasiolipa. Nilikataa. Tuliandika waliolipa tu, na asiyejiona kwenye orodha alijua cha kufanya bila kuaibishwa. Bibi mmoja mjane alinijia jioni akaniambia, "Mwanangu, hela mimi sina, ila usiku usingizi wangu ni mdogo. Niache niwachemshie vijana chai." Akawa anawapikia chai ya tangawizi saa nane za usiku, na jina lake likaingia kwenye orodha kama la mtu mwingine yeyote aliyelipa.

Majina ya walinzi yalipitia kwa mtendaji wa mtaa na kwa Polisi Kata, askari aliyepangiwa kata yetu, kabla hayajakubaliwa. Hapo palikuwa na ubishi mkubwa. Vijana wa kijiweni, wale wanaoshinda chini ya mkorosho wakicheza drafti, nao waliomba kuingia, na wazee kadhaa wakasema huko ni kumkabidhi fisi bucha. Mimi nilisimama upande wa vijana. Wanajua kila kichochoro, wanajua nani mgeni na nani wa hapa, na kijana anayetazamwa kama mwizi kila siku anahitaji sababu moja tu ya kuwa hivyo. Tukakubaliana kila zamu iwe na mtu mzima mmoja na vijana wawili, na jina litakalotiliwa shaka na Polisi Kata liondolewe bila mjadala. Vijana wale hawajatuangusha hadi leo.

Aliyetusaidia zaidi kupanga mambo ni babu mmoja Msukuma aliyehamia kwa mwanawe. Yeye alikuwa sungusungu, mlinzi wa jadi wa kijiji, kule Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipozidi na bunduki zimezagaa baada ya Vita vya Kagera. Alitueleza kwamba nguvu yao haikuwa mishale, ilikuwa mwano, ule ukelele wa hatari. Mwano ukipigwa kila mwanamume anatoka, na asiyetoka anatengwa: haombi moto, hapewi maji, msibani kwake hawaendi. "Nyinyi mmeweka walinzi watatu mkalala," alituambia. "Watatu watafanya nini? Mwizi anaogopa mtaa mzima."

Kwa hiyo tukanunua filimbi, moja kwa kila nyumba iliyotaka. Mlio mrefu mmoja ni doria inapita. Milio mifupi mfululizo ni hatari, na hapo kila nyumba inawasha taa na kutoka barazani. Si lazima ukimbilie tukio, toka tu uonekane. Kundi la WhatsApp tunalo pia, lakini ni la matangazo. Saa tisa za usiku simu nyingi ziko kimya, filimbi ndiyo inayoamsha watu.

Suala la taa lilichukua vikao vingi kuliko nilivyotarajia, maana watu wanaogopa LUKU, umeme wa kulipia kabla, itaisha haraka. Nikawapigia hesabu: balbu ya wati 5 ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku, kwa mwezi mzima haifiki hata uniti mbili. Baada ya hapo taa za nje zikaanza kuongezeka, na njia ya kwenda kisimani ambayo akina mama walikuwa wanaikwepa ikapitika.

Lakini jambo ambalo nataka hasa watu wa mitaa mingine walijue ni lile tuliloamua kuhusu mwizi akikamatwa. Sote tunajua kinachotokea. Mtu anapiga kelele "mwizi!", mawe yanaanza, tairi linaletwa, asubuhi taarifa inasema wananchi wenye hasira kali. Polisi Kata alikuja kwenye mkutano akatueleza kwamba raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, ila anapaswa kumkabidhi polisi bila kuchelewa, na anayeua ana kesi ya mauaji kama muuaji mwingine yeyote. Tukaweka kanuni: anayekamatwa anakalishwa chini penye mwanga, walinzi wanamzunguka wakitazama nje, simu inapigwa. Hakuna wa kumgusa.

Kanuni hiyo ilijaribiwa msimu ule mita za maji zilipokuwa zinaibwa. Unaamka unakuta bomba limekatwa, maji yanamwagika uani, mita hakuna. Usiku mmoja filimbi zikalia upande wa msikitini. Nilipofika, kijana alikuwa ameketi mbele ya duka chini ya taa, miguu peku, mita mbili kwenye kiroba cha unga na msumeno wa chuma pembeni. Hakuzidi miaka kumi na saba. Wengi tulimjua, mama yake anauza mihogo. Watu walikuwa na hasira ya kweli. Fundi mmoja aliyeibiwa mita alikuwa ameshika nondo na mikono inamtetemeka. Jiwe likarushwa, likampata mlinzi begani. Babu akaingia katikati, akasimama mbele ya yule kijana na fimbo yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Atakayempiga huyu, aanze na mimi." Fundi yule akaiweka nondo chini. Polisi walichelewa, na muda wote ule hakuna aliyeondoka wala aliyempiga.

Kijana akawaeleza polisi mnunuzi wake ni nani: mtu wa vyuma chakavu mtaa wa tatu kutoka kwetu, aliyekuwa ananunua zile mita kwa kilo kwa ajili ya shaba yake, tena akiwatuma vijana kuzitafuta. Naye akakamatwa. Tangu siku hiyo mita hazijaibwa tena mtaani kwetu. Kama tungemuua mtoto yule usiku ule, mnunuzi angeendelea na biashara yake, angetafuta mtoto mwingine, na sisi tungekuwa na maiti ya mtoto wa jirani yetu.

Mama yake alikaa ndani muda mrefu kwa aibu. Akina mama wa kikoba tulimfuata, tukamrudisha gengeni kwake, na tulinunua mihogo yake hata siku ambazo hatukuihitaji. Hilo nalo nalihesabu kuwa sehemu ya ulinzi, kwa sababu ana wadogo zake yule kijana wanaokua.

Daftari la wakazi bado linatusumbua. Wenye nyumba wanapangisha mtu usiku na hawampeleki kwa mjumbe kuandikishwa, na wengine hata jina kamili la mpangaji wao hawalijui. Tunawafuata mmoja mmoja, kwa heshima, mara nyingi tukiwa na mjumbe na jirani anayeelewana na mwenye nyumba.

Na lipo pagale moja karibu na bonde ambalo vibaka walikuwa wanajificha humo. Mwenyewe yuko mkoani. Tumempata kwa simu, ameruhusu tuzibe madirisha kwa matofali mpaka atakaporudi kumalizia ujenzi, na mwenyekiti ameiweka ruhusa hiyo kwa maandishi. Vijana wa zamu watajenga Jumapili baada ya ibada. Saruji tumeshanunua, mifuko miwili iko ndani ya fremu yangu.